Sikuruka majini

Kwanza tuelewane: sikuruka majini. Aliyewaambia niliruka ni Kasuku (ndilo jina nitakalomwita leo, na ashukuru nimeishia hapo), na wakati wa tukio alikuwa upande wa pili wa pantoni, kile kivuko cha Kigamboni, ananunua karanga. Sehemu nyingine za hadithi yake, kwa bahati mbaya, ni za kweli. Nazisimulia mwenyewe kabla hazijamfikia mama.

Mnajua nasubiri kuitwa kwenye usaili wa ubaharia. Binamu yangu akaniwekea kwenye kompyuta gemu la kujifunzia bendera za ishara, zile ambazo meli hupandisha kusemezana bila redio. Bendera inatokea sekunde chache, unachagua maana yake. Ukipata, kengele inalia. Ukikosa, inapigwa honi ya meli mpaka jirani anauliza kupitia ukutani, "Umekosa tena?" Herufi 26, kila moja na bendera yake, na zote isipokuwa R zina ujumbe kamili hata zikipandishwa peke yake. Ziko na za tarakimu, lakini hizo niliziruka.

Nilikariri kwa njia yangu, njia ya Mwananchi wa Jangwani, shabiki wa Yanga, njano na kijani. Njano tupu ni Q: meli yangu ina afya, naomba kibali cha kuingia. Njano na afya, hapo hata sikuhangaika. Miraba minne ya nyekundu na nyeupe ni U: unaelekea kwenye hatari. Watu wa Msimbazi, yaani Simba, wekundu na weupe, msininunie, sikuitunga mimi. Nyeupe yenye almasi nyekundu katikati ni F: nimeharibikiwa, wasiliana nami. Nyeupe yenye alama nyekundu ya X ni V: nahitaji msaada. Iliyoniharibia utani ni H peke yake, nusu nyeupe nusu nyekundu: nina rubani, yule anayeongoza meli kuingia bandarini. (Najua kijani haimo hata kwenye moja. Msianze.)

Kilichoniponza hasa ni ile H. Wiki iliyopita tulikuwa Feri, meli ya makontena inapita pale mlangoni kuingia bandarini, nikamwambia Kasuku, "Unaona ile nyeupe na nyekundu? Rubani wa bandari yumo ndani." Akatafuta kwenye simu, akakuta kweli. Akaniangalia kwa heshima ambayo sijawahi kuiona usoni mwake. Nilikuwa levo ya 12. Nilivimba, jamani, nilivimba.

Sasa juzi asubuhi. Pantoni imejaa kama kawaida, bodaboda, bajaji, mikokoteni, mama mmoja wa samaki na beseni lake tupu karibu yangu. Tunatoka Kigamboni. Natupa macho bandarini, naona meli nyeupe ya wageni imesimama, na bendera zimetungwa kutoka omo, yaani mbele, zikapanda mlingotini zikashuka mpaka tezi, nyuma kabisa. Sijawahi kuona meli yenye maneno mengi kiasi kile. Kengele ikaanza kulia kichwani.

Ting! Nyekundu na njano zimegawanyika mshazari: O, mtu kaanguka baharini.

Ting! Buluu, nyeupe, buluu: J, ninawaka moto na nina shehena ya hatari.

Ting! Mraba mwekundu ndani ya mweupe ndani ya buluu: W, nahitaji daktari.

Ting! Msimbazi.

Nikasema kwa sauti, na sauti yangu mnaijua: "Jamani, meli ile inaungua! Na mtu kaanguka majini!"

Kwenye pantoni neno "inaungua" si la kuchezea. Watu walisogea upande wangu kwa mpigo. Bodaboda mmoja akawasha pikipiki, sijui alitaka kwenda wapi. Mama wa samaki akakaza macho. "Moshi uko wapi, mwanangu?"

Nikamjibu, na hili Kasuku hakuliongezea chumvi, ndivyo nilivyosema neno kwa neno: "Moshi bado, mama, zimetangulia bendera."

Mhudumu wa kivuko akaja mbio. Mimi tayari nimeshavaa boya, nimelivaa mbele nyuma. Akafungua mdomo, lakini mzee mmoja mwenye kofia ya kiua na fimbo akamshika mkono. "Mwache kwanza. Kijana, umesomea bahari?"

"Shikamoo, mzee. Ndiyo." (Levo ya 12.)

"Marahaba. Basi tusomee, tusikie wote. Anza omo."

Hapa ndipo ningepaswa kuhisi kitu. Sauti yake ilikuwa ya upole kupita kiasi, upole wa mwalimu ambaye ameshaona jibu lako. Mimi nikakohoa, nikanyoosha kidole kama nahodha. Watu kimya kabisa, pantoni nzima, hata mtoto aliyekuwa analia alinyamaza anisikilize.

"G, nahitaji rubani. H, nina rubani."

"Ehe. Anaye au hana?"

"Labda... amempata sasa hivi, mzee."

"Vizuri. Endelea."

"E, nageukia kulia. I, nageukia kushoto."

"Yote mawili?"

"Y, nanga yangu inaburuta."

"Anageuka huku nanga iko chini. Hodari huyo. Endelea, baba."

Jasho lilikuwa linaingia machoni. Nikaiona ile njano tupu, Q yangu, nikaisoma kwa sauti ya kufa: "Meli yangu ina afya."

"Inaungua, lakini ina afya," mama wa samaki akasema taratibu, kama anayeandika.

"C, ndiyo," nikasema. "N, hapana."

Hapo mzee akashindwa. Akajishika kwenye fimbo akacheka mpaka kofia ikaanguka, na pantoni yote ikamfuata, mpaka yule wa bodaboda akazima pikipiki ili acheke vizuri. Alipopata pumzi akaniwekea mkono begani, juu ya boya. "Mwanangu, hiyo meli imepambwa. Leo ni sikukuu yao. Zote zinatungwa hivyo, na zinapangwa makusudi zisiseme neno lolote. Umekwenda harusini ukaanza kuuliza kanga za ukutani zinamtukana nani."

Yaliyofuata ni mafupi. Mhudumu alinivua boya kama anavyovuliwa mtoto sweta, akanieleza mambo ambayo sitayaandika hapa kwa sababu alikuwa na haki. Magogoni nilishuka wa kwanza, mbele hata ya bajaji. Kasuku akanifuata na karanga, hakunigawia.

Usiku nikafungua gemu. Levo ya 13 inaitwa "Meli ikipambwa". Nimeifunga, sijaifungua tena.

Leo asubuhi nilijificha nyuma ya lori la matofali nivuke kwa amani. Tukafika katikati ya maji, nikasikia beseni linawekwa chini pembeni yangu.

"Kepteni," akasema mama wa samaki, "yule mtu wa majini walimtoa?"