Nyanya za kutazama tu

Hizi nyanya za siku hizi zinanikera, jamani. Nyekundu ya kupendeza, mviringo sawasawa, ganda linang'aa. Ikate sasa: nyama ngumu yenye weupe katikati, maji kiduchu. Ukionja, hamna kitu. Unaongeza chumvi, bado hamna kitu.

Na wala si bahati mbaya. Kilimo cha kibiashara kimechagua mbegu kwa wingi wa mavuno, ganda gumu na uwezo wa kustahimili safari. Mkulima analipwa kwa kilo, utamu haumo kwenye mizani. Mara nyingi tunda huchumwa likiwa bado kijani, likasafirishwa, kisha likapulizwa gesi ya ethilini ligeuke rangi. Rangi linapata. Na sukari ambayo lingeendelea kuivuta kutoka kwenye mmea? Imebaki shambani huko. Halafu likae kwenye friji, hata kile kiharufu kilichosalia kipotee.

Kinachoniudhi kabisa ni hiki: mwaka 2012 wanasayansi walieleza katika jarida la Science kwamba badiliko la jeni walilolipenda wazalishaji wa mbegu kwa miongo mingi, eti kwa kuwa tunda huiva rangi moja bila mabega ya kijani, yaani ule ukijani wa juu karibu na kikonyo, ndilo hilohilo linalopunguza sukari. Yaani tumeuza utamu tukanunua rangi! Aliyeomba ni nani?

Mkulima simlaumu, anapanda kinachonunulika. Ila huyu mnunuzi wa jumla anayekataa kreti nzima kwa sababu ya kijani kidogo karibu na kikonyo, huyo tuna kesi naye.