Kuku wa Mama Mkwe na Boneti ya Premio

Aliyewahi kuendesha gari dogo nyuma ya malori kati ya Kibaha na Chalinze anazijua kokoto. Hazivunji kitu. Zinadonoa tu: ta! na mbele ya boneti rangi imeshabanduka kipande cha ukubwa wa punje ya mchele. Ukikaa kimya, unyevu wa Dar unaingia pale pale, kutu inaanza kutambaa chini ya rangi nzima, na mwakani unazungumza na fundi habari za kukata bati.

Premio yangu ilikuwa na vidonda hivyo hapa na pale. Fundi rangi mmoja wa Ilala alivitupia jicho mara moja tu. "Bosi, hapa tunapiga boneti nzima." Mafundi rangi hawana kazi ndogo. Nikamwambia nitarudi, kwa sauti ile ambayo sote wawili tunajua maana yake.

Kazi yenyewe mtu anaweza kuifanya nyumbani, nami bado nasema hivyo. Namba ya rangi imeandikwa kwenye kibati cha maelezo ya gari: 1F7, ile silva ambayo nusu ya foleni ya Ubungo imeivaa. Nikaenda nayo Kariakoo pamoja na kifuniko cha tundu la mafuta, maana gari lililopigwa jua miaka halifanani tena na namba yake. Muuzaji akachanganya, akapaka kidogo kwenye kipande cha bati, akatoka nacho nje kulinganisha, akaongeza tone la nyeusi, akanimiminia kwenye kichupa kilichowahi kuwa cha dawa ya kikohozi. Nikachukua na praima ya kutangulia, klia (ile rangi angavu ya kufunika juu), kampaundi ya kusugulia na msasa namba 2000.

Siri iko kwenye kijiti cha meno. Brashi inamwaga rangi nyingi, unabaki na kinundu. Unatikisa kichupa mpaka ule unga wa silva uliolala chini uamke, unachovya ncha ya kijiti, unagusa katikati ya kidonda tu, na rangi inajitandaza yenyewe hadi ukingoni. Unasubiri ikauke, unarudia. Jua la mchana halifai, linakausha juu na kuacha ndani mbichi. Basi nikafanya jioni, gari likiwa uani chini ya taa ya ukuta.

Mama mkwe alikuwa amefika kutoka Muheza na nazi, mihogo, na kuku wa supu ya Jumapili, aliyefungwa mguu kwenye mpera. Akavuta kigoda, akaniangalia kwa muda mrefu.

"Mkwe wangu, kumbe magari nayo yanachokolewa meno?"

Nikaweka klia ya mwisho, nikasogea nyuma kidogo. Vidonda vilikuwa havionekani. Na hapo ndipo alipotua wa kwanza.

Alasiri ile mvua ilikuwa imenyesha, na waliokulia pwani wameshajua kilichofuata. Kumbikumbi walitoka ardhini kama walioitwa kwa kipaza sauti. Walizunguka taa, wakaona boneti inang'aa kuliko taa, wakahamia kwangu. Kila penye klia mbichi akanasa mmoja, mabawa yamebanduka, miguu inapiga hewa. Mke wangu akazima taa. Nikaleta kitambaa.

"Usiwaguse!" Mama akasimama. "Ukipangusa sasa utasambaza rangi yote. Waache wakauke, asubuhi unawapukuta kwa ukucha."

Ushauri huo ulikuwa sahihi kabisa. Hata fundi angesema hivyo hivyo. Tukalala.

Alfajiri nikasikia mlio juu ya bati. Watoto walikuwa wamemfungua kuku ili anywe maji, naye akaona kifungua kinywa kimeshaandaliwa mezani. Kuku hali bila kuchakura, hata chakula kikiwa mbele yake. Tena boneti ya Premio imeinamia mbele: kila akidonoa anateleza, na kila akiteleza anafunga breki kwa kucha. Mistari ilishuka kutoka kwenye waipa mpaka kwenye nembo.

Nikapiga makofi nikikimbia. Mama mkwe alikuwa mlangoni na kanga zake.

"Muache ale taratibu, wewe! Ukimtisha ataharibu gari!"

Akatishika. Akapanda kioo, akapita paani kwa mbio, akashukia kwenye buti, akasimama chini ya mpera akifuta mdomo kwenye majani. Mdomo ulikuwa na ncha ya silva, 1F7 tupu, imemkaa vizuri kuliko ilivyokaa kwenye gari.

Jumapili tulikula maharage. Mke wangu aliapa kwamba kuku aliyekula klia haingii sufuriani mwake, na mama akaondoka akisema ndege wake amepona kwa uwezo wa Mungu.

Fundi wa Ilala alinipokea kwa tabasamu. Akapitisha kiganja juu ya boneti.

"Paka?"

"Kuku."

Akawaita wenzake wote waje waone. Walipomaliza kucheka akaniuliza kama nina bima. Nikamwambia ninayo, ile ndogo.

"Ndogo haikusaidii," akasema, huku akichukua msasa. "Ungemgonga huyo kuku, mama angelipwa."