Rakuni na Kanga ya Mama Mkwe

Naanza kwa kukiri: niliambiwa. Mzee jirani yetu, mkulima aliyezaliwa na kuzeekea hapahapa Virginia, Marekani, aliniazima mtego wake kwa sharti moja tu: "Uweke peupe, kisiwepo kitu chochote karibu." Nikaitikia "sawa, sawa" kama mtu anayepewa masharti na mganga huku akili yake iko kwenye nauli ya kurudi.

Nyuma ya nyumba tunayopanga kuna banda la mbao. Upande mmoja wanalala kuku wetu kumi na mmoja (walikuwa kumi na wawili, nakuja huko). Upande wa pili ni stoo ya kila kitu: chakula cha kuku, majembe, baiskeli mbovu, na siku za mvua ni hapo mke wangu anapoanika nguo. Mashine ya kukaushia tunayo. Ila yeye ni mtoto wa Tanga, na mtoto wa Tanga haweki kanga kwenye mashine.

Rakuni alituingilia mwezi wa Oktoba. Kama hujawahi kumwona, chukua paka aliyeshiba kupita kiasi, mvishe mkia wa pete pete, kisha mpake weusi kukatiza macho, kama mwizi asiyeona haya kuvaa sare ya kazi. Ila balaa lake lote liko mikononi. Ana vidole vitano vitano, vyembamba, na kutwa kucha anapapasa. Hata hilo jina la rakuni limetoka kwenye lugha ya Wapowhatan, wenyeji wa asili wa huku Virginia, na maana yake ni yule akwaruzaye kwa mikono. Wenzetu walishamjua zamani. Sisi tukaweka mfuniko wa kukaza kwenye ndoo ya chakula, akaufungua. Tukafunga mlango kwa ndoano, akaichomoa. Kuku mmoja akalala karibu mno na wavu, na asubuhi hakuwa na kichwa. Siendelei, wengine mnakula.

Mtego wenyewe ni sanduku la nyavu za chuma. Mnyama anafuata chambo, anakanyaga kibao, mlango unafyatuka nyuma yake. Usiku wa kwanza nikatega kwa dagaa. Dagaa wa Kigoma, jamani, waliovuka bahari ndani ya sanduku la shemeji, wamefungwa mifuko mitatu ili nguo zisinuke. Asubuhi nikamkuta paka wa mzee jirani ndani, tumbo ndi, ananitazama kama mhudumu aliyechelewa kuleta maji ya kunawa.

Mzee alipokuja kumchukua paka wake akaniambia nitumie mashimelo, zile pipi nyeupe laini kama pamba. Ulimi wa paka hausikii utamu kabisa, kwa hiyo hatajisumbua. Rakuni je? Huyo kwa sukari anauza shamba.

Usiku wa pili alizila zote. Aliupindua mtego ukafyatuka bure, pipi zikamdondokea nje, akajilia. Nikaambiwa nitafute kitu cha kuufungia usipinduke.

Usiku wa tatu mvua inanyesha, taa ya banda imeungua, nami nimetoka kazini hoi. Nikapapasa gizani (sasa hapo rakuni ni nani?) nikaufunga mtego kwenye nguzo kwa waya. Kitu kibichi kikanigusa shingoni. Nikadhani utando wa buibui, nikausukuma, nikaenda kulala bingwa.

Asubuhi mke wangu alitangulia bandani. Nikasikia "Baba watoto!" Sikuamka. Ya pili ilikuja na majina yangu yote matatu, la babu likiwemo. Nikatoka na kiatu kimoja.

Kanasa kweli. Kanenepa, katulia. Ila mtego ulikuwa umegeuka kitanda cha bi harusi. Kumbe rakuni akinaswa hupitisha mikono kwenye matundu na kuvuta ndani chochote anachokifikia, na huyu alikuwa amefikia pindo la kanga. Aliivuta usiku kucha, tundu kwa tundu, nyingine akaichana akaitandika, iliyobaki akajifunika mabegani. Na ilikuwa ile aliyopewa mke wangu na mamake uwanja wa ndege, siku tunaondoka, watu wote wanalia. Jina lake: MGENI NJOO MWENYEJI APONE. Juu ya mgongo wa rakuni yalisalia maneno mawili: MGENI NJOO.

Sikucheka. Mabega tu ndiyo yalitikisika. Mke wangu akayaona mabega.

"Mpeleke msitu wa mbali huko, nisimwone tena," akasema. Mzee jirani, aliyekwishafika kwa zile kelele, akatikisa kichwa. Hapa Virginia sheria hairuhusu kumnasa mnyama wa porini ukamhamishia pengine. Rakuni hubeba kichaa cha mbwa, na rakuni wenye ugonjwa huo waliletwa pande hizi miaka ya 1970 na watu waliowatoa kusini ili wawawinde. Kwa hiyo yamebaki mawili: auawe au aachiwe palepale. Bunduki anayo kwenye gari.

Mke wangu akamtazama rakuni. Akaitazama kanga.

"Aipige risasi kanga ya mama yangu?"

Hiyo haikuwa na tafsiri ya Kiingereza, lakini mzee aliielewa. Nikaufungua mlango kwa fimbo ndefu. Rakuni akatoka bila haraka, kanga ikimfuata nyuma kama shela, akakatiza shamba la mzee lililokwishavunwa mahindi. Mzee akavua kofia.

Siku hiyohiyo nikapigilia wavu mgumu na kuweka kufuli mlangoni. Hajaingia tena.

Ijumaa mama mkwe akapiga simu ya video. Mke wangu alikuwa amejifunga kanga iliyobaki, ile iliyokuwa kabatini. "Mbona moja? Ya pili iko wapi?" Mke wangu akanikabidhi simu, akaenda jikoni kufanya kazi ambayo haikuwepo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Kanga iko wapi?"

"Kuna mgeni alikuja, mama. Akaondoka nayo."

"Mlimpa?"

"Aliichagua mwenyewe."

Kimya. Nikamwona anafikiri.

"Basi akirudi mpeni na hiyo nyingine. Nani anavaa kanga moja?"