Matangazo ya zamani ya mashine za nyumbani yanatushuhudia nini?

Mwaka 1961 kampuni ya Kiingereza ya Kenwood ilitangaza mashine yake ya kuchanganyia vyakula, iitwayo Chef, kwa picha ya mwanamke mwenye kofia ya mpishi akimwegemea mumewe aliyevaa suti. Maneno yaliyoambatana na picha hiyo yalisema kwamba mashine hufanya kila kitu isipokuwa kupika, kwa kuwa hiyo ndiyo kazi ya wake. Leo tangazo hilo husambazwa kama ushahidi kwamba hivyo ndivyo watu wa enzi ile walivyoishi, na hapo ndipo ninapotaka tutulie kidogo.

Wanaoyachukua matangazo kuwa kioo cha zama zake wana hoja yenye uzito. Mtangazaji hulipia kila neno, kwa hiyo hathubutu kusema jambo litakalomuudhi mnunuzi. Kenwood iliamini kwamba msomaji angetabasamu, na imani hiyo yenyewe ni habari ya kihistoria. Zaidi ya hayo, anayezungumza katika tangazo ni mume, anayetamka kwamba anampa mkewe mashine. Tunajua basi ni nani aliyedhaniwa kushika fedha, na ni nani aliyetarajiwa kupokea chombo cha kazi kama zawadi.

Hata hivyo, tangazo huchora maisha ambayo muuzaji anataka yatamaniwe. Mwanzoni mwa miaka ya 1930, majarida ya Marekani yalipokuwa yamejaa friji na vifyonza vumbi, ni takriban shamba 1 tu kati ya 10 nchini humo lililokuwa na umeme. Msomaji wa leo anayeyapima maisha ya Wamarekani wa wakati huo kwa kurasa zile atawasahau mamilioni ya wanawake waliokuwa bado wanateka maji kisimani, wanayachemsha jikoni na kufua kwa mikono.

Lakini swali linalonigusa zaidi ni la ahadi iliyorudiwa kwa miongo kadhaa, kwamba mashine ingempa mama wa nyumbani muda wa kupumzika. Ahadi hiyo haikuwa uongo mtupu. Anayejua uchovu wa kukamua mashuka mazito, au wa kunyoosha nguo kwa pasi ya chuma iliyopashwa moto jikoni, hawezi kuidharau mashine ya kufulia. Pamoja na hayo, mwaka 1974 mtafiti Joann Vanek alionyesha kwamba wanawake wa Marekani wasio na ajira nje ya nyumba, waliotumia takriban saa 52 kwa wiki katika kazi za nyumbani mwaka 1924, walitumia takriban saa 55 katika miaka ya 1960. Jasho lilipungua, saa hazikupungua.

Sababu mojawapo ni kwamba viwango vya usafi vilipanda, na matangazo yenyewe yalivipandisha, yakimfanya mama aone haya kwa kola isiyong'aa au zulia lenye vumbi. Sababu nyingine haionekani katika picha hata kidogo. Kabla ya mashine, familia nyingi za mijini, hata zisizo tajiri sana, zilipeleka nguo kwa dobi au kwenye kampuni za ufuaji, na katika majimbo ya kusini mwa Marekani kazi hiyo ilifanywa kwa sehemu kubwa na wanawake weusi. Mashine iliirudisha kazi hiyo ndani ya nyumba na kumkabidhi mke peke yake, huku ikimpunguzia dobi kipato chake.

Kwa hiyo sikubaliani na wanaoyatupa matangazo haya kama propaganda tu, wala na wanaoyasoma kama picha ya familia iliyopigwa sebuleni. Ninayaamini zaidi pale yasipokusudia kutuambia kitu. Mwanamke mwenye viatu vya kisigino kirefu, akitabasamu kando ya mashine inayozunguka, yuko peke yake katika chumba kile. Hakuna msichana wa kazi, hakuna dobi mlangoni na fungu lake la nguo, na mtangazaji hakuona haja ya kueleza walikokwenda.