NBA izibe huu mlango wa swapu kwenye drafti

Nianze na Phoenix Suns, timu ya Arizona kwenye NBA, ligi ya kikapu ya Marekani, maana ndo mfano unaoniuma zaidi. Februari 2023 walimchukua Kevin Durant kutoka Brooklyn, wakatoa Mikal Bridges, Cam Johnson, Jae Crowder na machaguo manne ya raundi ya kwanza (chaguo ni zamu ya timu kumchukua kijana mpya kwenye drafti ya kila mwaka, na timu mbovu ndo hutangulia): 2023, 2025, 2027 na 2029. Hebu iangalie hiyo miaka, inaruka mmoja mmoja, na sio bahati mbaya. Ni sheria ya Stepien inayokataza timu kubaki bila chaguo la raundi ya kwanza miaka miwili mfululizo huko mbele (na mwisho wa kuuza ni miaka 7 mbele). Sasa kiangazi hichohicho wakamleta Bradley Beal toka Washington Wizards na ile miaka iliyobaki katikati, 2024, 2026, 2028 na 2030, wakaiwekea swapu, yani Wizards wakiona nafasi ya Suns ni nzuri kuliko ya kwao wanaichukua na Suns wanabaki na ile mbovu. Na 2028 Brooklyn nao walishapewa swapu yao kwenye dili la Durant! Kuanzia 2023 mpaka 2030 hakukubaki mwaka hata mmoja ambao Suns wangeweza kusema chaguo letu tunalo wenyewe, hamna wa kuligusa, na sheria haijavunjwa popote.

Hilo ndo linalonikera.

Ted Stepien mwenyewe alikuwa tajiri wa matangazo aliyeinunua Cleveland Cavaliers 1980, na ndani ya miezi michache tu machaguo ya raundi ya kwanza ya 1983, 1984, 1985 na 1986 yote yakawa yameenda Dallas kwa wachezaji ambao leo hata mashabiki wakongwe wanawataja kwa shida. Dallas wakayatumia kuwachukua Derek Harper, Sam Perkins, Detlef Schrempf na Roy Tarpley, na hao wanne wote walikuwepo Dallas ilipofika fainali ya kanda ya Magharibi 1988 ikawapeleka Lakers mpaka mechi ya 7. Cleveland je? Msimu wa 1981-82 walishinda mechi 15 kati ya 82. Ikabidi ligi iingilie kati dili zao, na ndugu wawili wa familia ya Gund walipoinunua timu 1983 ligi ikawapatia machaguo ya ziada ili klabu isife. Kwahiyo sheria ilizaliwa kwa sababu mtu mmoja alikuwa na uwezo wa kuuza miaka ambayo yeye mwenyewe hatakuwepo, na ni kweli, 1986 ilipofika Stepien alishaondoka zamani.

Rudi Phoenix sasa. Msimu wa 2024-25 ndo walikuwa na gharama kubwa ya mishahara kuliko timu zote, wakashinda 36 wakafungwa 46, hata mtoano hawakugusa. 2025 Durant akapelekwa Houston, Beal akalipwa akaondoka zake. Waliobaki na hilo deni la mpaka 2030 ni watu wa Arizona wanaonunua tiketi, na hao hakuna aliyewauliza.

Najua watu watasema mbona Milwaukee Bucks walitoa machaguo na swapu vilevile kumpata Jrue Holiday 2020 na 2021 wakabeba kombe. Ni kweli, na mimi sisemi timu zikatazwe kuthubutu. Wengine watasema chaguo lenyewe sio uhakika, na sisi Watanzania tunalijua hilo, 2009 Memphis walimchukua Hasheem Thabeet namba 2, tulifurahi sana na mpaka leo naona fahari kwa kijana wetu, ila Stephen Curry alikuwa bado yupo mpaka namba 7. Lakini timu yenye chaguo inaweza kukosea ikajaribu tena mwaka unaofuata, isiyo nalo hata hiyo nafasi ya kukosea haina, na timu mbovu bila drafti haina pa kushika maana mastaa hawaendi wenyewe kwenye timu inayoshika mkia.

Alafu swapu wanaichukulia kama kitu kidogo wakati Boston walipata nafasi ya kwanza ya drafti ya 2017 kwa swapu tu, toka kwenye lile dili la 2013 walipowapeleka mastaa wao Garnett na Pierce Brooklyn. Waliipeleka Philadelphia wakashuka mpaka namba 3 wakamchukua Jayson Tatum na juu yake wakaongezewa chaguo lingine. Leo ana ubingwa wa 2024. Sasa niambie hiyo ni ndogo?

2023 ligi ilileta adhabu ya kugandisha chaguo la mwaka wa 7 mbele (yani haliuziki) kwa timu inayovuka kiwango cha juu kabisa cha mishahara. Sawa, ila hiyo inambana anayelipa sana, anayeuza miaka yote bado yuko huru.

Ninachotaka ni kitu kimoja, swapu ihesabiwe sawa na chaguo lililouzwa. Umetoa la 2027, basi 2026 na 2028 usiguse, hata kwa swapu. Mkataba wa sasa wa ligi na chama cha wachezaji upande wowote unaweza kujitoa baada ya msimu wa 2028-29, na hicho kipengele kiwe mezani siku ya kwanza ya mazungumzo.