Kabla ya selfi na bibi, muulize yule wa tatu kutoka kushoto ni nani

Januari imefika na stetasi zimejaa. Babu kwenye kochi, bibi pembeni na kitenge kipya cha sikukuu, albamu imefunguliwa ukurasa wa harusi, mjukuu kabinua midomo mbele ya kamera. Maelezo: "Wazee wetu, hazina yetu." Hazina yenyewe ilifungwa baada ya dakika tano, ikarudishwa juu ya friji, wageni wakawahi basi la alfajiri. Yule kijana wa bugaluu (suruali pana chini) na raizoni (viatu vya soli nene) aliyesimama nyuma ya bibi harusi, hakuna aliyeuliza ni nani.

Picha isiyo na majina ni karatasi. Semeni mtakavyo, hasa ninyi mliokwisha "kuzihifadhi" kwa simu. Simu imehifadhi sura. Nani alikuwa nani, alitokea wapi, kwa nini hayumo tena kwenye picha za miaka iliyofuata: hayo yamo vichwani mwa wazee wawili tu na hayana nakala popote. Aliyezaliwa 1949 akafunga ndoa 1974 ameshavuka sabini na tano. Ana presha, mkewe ana mtoto wa jicho, na wenzao wa kukumbushana nao wanapungua kila msiba. Sisi tunakwenda, tunachoma nyama, tunaangalia mpira, tunalala mchana, tunaaga.

Basi wanaokwenda tena Pasaka au Idi, nendeni na penseli.

Muda kwanza, maana hapa ndipo wengi wanapoharibu. Mstaafu ana ratiba kali kuliko ya ofisini aliyoiacha. Kuna dawa, kuna kuku, kuna ibada, kuna taarifa ya habari isiyoguswa na mtu, kuna usingizi wa mchana. Saa nzuri ni asubuhi baada ya chai, saa tatu hadi saa tano, barazani au karibu na dirisha. Mwenye mtoto wa jicho taa ya dari humtia weupe machoni, naye kwa adabu atakujibu "sikumbuki" kumbe haoni. Kikao kisizidi saa moja. Picha kumi na tano mpaka ishirini zikipata majina kamili, mmefanya kazi. Ukilazimisha albamu nzima kwa siku moja utapata majibu ya kukuondoa tu.

Zima televisheni, zima feni. Simu iwekwe hali ya ndege, ilazwe juu ya kitambaa kilichokunjwa ili meza isitetemeshe sauti, umbali wa shubiri moja au mbili kutoka kwa anayesema, na kirekodi sauti kiwashwe kabla ya swali la kwanza. Anza kwa kutamka tarehe na mahali. Kila picha itajwe kwa namba kabla ya kuijadili: "picha ya saba." Namba hiyohiyo iandikwe kwenye daftari la mistari, pamoja na majina kwa mpangilio wa kushoto kwenda kulia, mstari wa nyuma kisha wa mbele. Usipofanya hivyo utabaki na saa nzima ya sauti ya bibi akisema "huyu ni yule wa Kondoa", na huyu hujui ni yupi.

"Huyu nani?" ni swali la polisi. Litakupa jina moja na kimya. Uliza "hapa mlikuwa mmetoka wapi?", "nani alipiga?", "hii nguo ilishonwa au ilinunuliwa?" Nguo hufungua midomo kuliko sura. Ukiona mzee kavaa sare ya Reli mbele ya jengo usilolijua, uliza lini alirudi na nani alibaki huko. Jumuiya ya Afrika Mashariki, iliyokuwa na Reli hiyo, ilivunjika 1977 na familia nyingi zina ndugu waliopotelea Nairobi na Kampala. Ukiona kundi la vijana wamevaa sare za JKT, Jeshi la Kujenga Taifa, uliza kambi gani. Jina la kambi huja na majina ya wenzake wote.

Halafu wataanza kubishana. Babu: "Hii Morogoro." Bibi: "Baba Neema, Morogoro ulikwenda peke yako, hii Dodoma." Usiamue na usimkatishe mtu. Andika zote mbili, na jina la aliyesema. Ubishi wa waliokaa pamoja miaka hamsini ndiyo rekodi bora utakayopata, kwa sababu kila mmoja anatoa ushahidi: mwaka ule nilikuwa na mimba ya nani, gari lile lilikuwa la nani. Ila bibi apate pia kikao chake peke yake, babu akiwa ameenda kwenye mambo yake. Wazee wengi wa kiume hujibu maswali ya wake zao, na bibi humwachia kwa heshima, kisha jikoni anakwambia ukweli. Jikoni hakuna kirekodi.

Jambo jingine ambalo daftari nyingi zinalikosa: wanawake. Utajaza ukurasa na Mama Rose, Mama Juma, Mama Mwalimu, ukadhani umepata majina. Uliza jina lake mwenyewe na la baba yake. Bila hivyo miaka thelathini ijayo nusu ya ukoo itakuwa na watoto tu.

Picha iliyokatwa kwa mkasi, ambapo bega la mtu limebaki na kichwa hakipo, usiiulizie mbele ya watu wote. Ipe namba, pita. Mwenye nayo akitaka ataisemea siku nyingine.

Sasa kuandika. Picha za zamani za nyeusi na nyeupe zina karatasi halisi nyuma na hupokea penseli laini, 2B au zaidi. Ilaze kifudifudi juu ya kitu kigumu kilicho safi, andika namba ukingoni bila kukandamiza. Tangu miaka ya 1970 studio nyingi zilihamia karatasi iliyopakwa plastiki. Hiyo haishiki penseli, kwa hiyo iandike bahasha yake. Kalamu ya wino usiiguse. Mgandamizo wake hutokeza mbele, tena mara nyingi usoni mwa mtu, na wino ukipata unyevu huhamia kwenye picha ya chini yake. Kabla hujaandika, soma nyuma: muhuri wa studio ni ushahidi wa mji. Studio kama Capital Art ya Zanzibar, iliyofunguliwa na Ranchhod Oza 1930, ilipiga vizazi vya watu, na muhuri unaweza kumaliza ule ubishi wa Morogoro na Dodoma. Ile tarehe ya rangi ya machungwa pembeni ya picha za miaka ya 1980 na 1990 usiiamini sana, kwa sababu betri ikibadilishwa bila mtu kurekebisha tarehe, kamera ilianza upya na harusi zote zikawa za Januari mosi.

Albamu zenye kurasa za gundi na plastiki ya kufunika, zile zilizokuwa fahari ya sebule, ndizo zinazoua picha polepole. Gundi inakuwa ya njano na kukaza. Usibandue kwa kucha. Pitisha uzi wa kusafishia meno, ule usio na ladha wala nta, chini ya kona ya picha, uvute taratibu kama unayekata, picha ibaki imelala. Ikigoma iache na uinakili hapohapo ukurasani, plastiki ikiwa imefunuliwa. Vivyo hivyo picha iliyoganda kwenye kioo cha fremu: inakili kupitia kioo. Ukiivuta, uso unabaki kwenye kioo.

Na laminesheni. Jamani, laminesheni! Mtu anapata picha moja tu ya bibi akiwa msichana, anakwenda steshenari ya stendi, inapitishwa kwenye mashine yenye joto linalozidi nyuzi 100, inatoka inang'aa kama kitambulisho, na wote wanapongezana. Gundi ile haitoki tena. Ikianza kuingiza hewa na unyevu kwa pembeni, na huku kwetu itaanza, hakuna fundi wa kuirudisha. Laminesheni ni ya menyu ya chipsi. Kama unataka kitu cha kushikashika, toa nakala, laminisha nakala, hata mara tatu ukipenda.

Kwenye kunakili nitakubali kidogo: simu ni bora kuliko kutofanya lolote. Ila ifanyeni vizuri. Picha ilale bapa, mwanga wa dirisha utoke upande mmoja bila jua kuipiga, flashi izimwe, simu iwe sambamba kabisa na picha, na urudi nyuma kidogo ukakuza mara mbili ili kingo zisipinde. Vaa nguo nyeusi. Shati jeupe hujionesha juu ya picha ya kung'aa. Programu ya PhotoScan ya Google hupiga mara kadhaa na kuondoa mng'ao, inafaa. Mwenye skana atumie dpi (nukta kwa inchi) 600 kwa picha za kawaida za sentimita 10 kwa 15, ambayo ni takribani pikseli 2,400 kwa 3,600, na dpi 1,200 kwa vile vidogo vya pasipoti. Negativu zikipatikana kwenye pakiti ya studio msizitupe hata kama zina vumbi. Mara nyingi zina undani kuliko picha iliyosafishwa kutoka kwazo.

Kisha mnaziharibu wenyewe kwa kuzituma kwenye kundi la ukoo. WhatsApp inabana picha na kuipa jina la siku iliyotumwa, hivyo harusi ya 1974 inakuwa IMG-20251226-WA0031. Itume kama waraka, ibaki na ukubwa na jina lake. Jina lenyewe lianze na mwaka, kisha mahali, kisha tukio, kisha namba ya daftarini: 1974-Tabora-harusi-007. Nakala ziwe tatu, na moja ikae nje ya nyumba ile. Flashi moja kwenye droo ya mjomba haihesabiki.

Kuhusu kupaka rangi kwa akili bandia: mashine haijui gauni lilikuwa la rangi gani, inabuni, na ikikosa pua inabuni pua. Bibi yenu amepewa meno ya mtu mwingine nanyi mnaweka mioyo.

Nyumbani kwa wazee, rekebisheni mawili matatu kabla ya kuondoka. Picha ya harusi inayotazamana na dirisha ishushwe, itundikwe nakala, ya asili ikae gizani. Kwenye fremu kuwe na ukanda wa kadi unaoitenga picha na kioo. Sanduku lisikae juu ya friji, wala darini chini ya bati, wala sakafuni. Liwe kabatini kwenye ukuta wa ndani, chumba kinachopitisha hewa. Bahasha za kaki zina asidi, kunjeni karatasi nyeupe za fotokopi. Plastiki yenye harufu kali ya upya muiache dukani. Na mwonyesheni anayesafisha nyumba kwamba picha haifutwi kwa kitambaa chenye maji: uso wake ni gelatini, kitu kinachotokana na mifupa na ngozi, ndiyo maana mende nao wanaipenda. Mafuriko yakiingia, picha zilizolowa zisiachwe zikauke zikiwa zimeshikana. Suuza kwa maji safi ya baridi, zitenganishe, zianikwe kivulini zikitazama juu. Baada ya saa 48 ukungu unaanza.

Kamati za misiba nazo ziambiwe. Kila mara kuna kijana hodari anayechomoa picha ya pekee ya marehemu kutoka albamuni, anaipeleka kutengeneza kipeperushi, na haionekani tena. Kinachopelekwa ni nakala, na jina la aliyechukua liandikwe.

Wazee wenyewe wachapishiwe. Hawatafungua flashi, na kwenye simu wanaona vidole vyao tu. Chagueni picha ishirini, ukubwa wa A4, karatasi isiyong'aa, majina chini kwa herufi za kusomeka bila miwani. Hiyo watakaa nayo barazani jioni, majirani wakipita watasahihisha majina mengine bure.

Linabaki suala la albamu yenyewe baadaye, ambalo wengi mnaliogopa kuliko shamba. Msiigawe. Picha kumi kwa huyu, kumi kwa yule, na katika kizazi kimoja hakuna anayejua zilizobaki ziko kwa nani. Kila mtoto apate seti ya nakala, albamu ikae kwa mwenye nyumba kavu na mkono mwepesi wa kuwafungulia wengine, hata kama ni kitinda mimba, hata kama ni binti aliyeolewa. Kaka mkubwa akinuna, mpeni seti ya kwanza kuchapishwa.