Unga Usioyeyuka na Pesa Isiyofika

Barua ilikuwa fupi. Wapitiaji watatu walikuwa wamelisoma andiko letu la kuomba ruzuku. Wakasifu timu, wakasifu mpango wa kazi, kisha wakahitimisha kwa sentensi ninayoikumbuka neno kwa neno: "Mradi huu hauna jambo jipya la kisayansi."

Walisema kweli. Hatukuomba fedha za kugundua kitu. Ugunduzi tulikuwa nao tayari: kemikali iliyowaponya panya wa maabara, matokeo yake yamekwishachapishwa, na maabara nyingine imelirudia jaribio ikapata yaleyale. Kilichotusumbua kilikuwa kitu ambacho mtu anaona haya hata kukitaja mbele ya maprofesa. Unga wetu haukuyeyuka. Ukiutia kwenye maji unatuama chini ya gilasi kama mchanga. Panya tuliwadunga tukiwa tumeuchanganya na kimiminika ambacho hakuna daktari atakayethubutu kumpa mgonjwa. Tuliomba fedha za kuutafutia umbo jingine, la chumvi ya kikemia (si ya mezani), ambalo lingeyeyuka tumboni. Tuupime kama unahimili joto na unyevu. Kisha tulipie vipimo vya sumu. Tukanyimwa. Tulipowaendea wawekezaji, wakatuambia turudi tukishamaliza majaribio ya awamu ya kwanza kwa binadamu.

Basi tukakwama hapo, kati ya anayesema mmechelewa na anayesema mmewahi.

Watu wa fani hii wanapaita mahali hapo bonde la mauti. Jina hilo silipendi. Bonde ni kazi ya maumbile, hakuna wa kulaumiwa. Pengo hili limechimbwa na watu, kwa fomu za maombi, kwa vigezo vya kupandisha vyeo, kwa ruzuku za miaka mitatu zinazopewa kazi ya miaka kumi. Na kwa kuwa watu ndio waliolichimba, watu wanaweza kulifukia.

Nieleze kazi yenyewe, maana naona hata wanaogawa fedha hawaifahamu vizuri. Kabla binadamu wa kwanza hajaonjeshwa dawa mpya, kwa kawaida sumu yake hupimwa kwa aina mbili za wanyama, mmoja wa jamii ya panya na mwingine asiye wa jamii hiyo. Unga wa majaribio hayo hautengenezwi na mwanafunzi kwenye meza ya maabara, gramu moja leo na nusu gramu wiki ijayo. Unahitaji kilo, tena kila mzigo ufanane na uliotangulia. Halafu kuna kabati la joto: sampuli zinafungiwa humo kwenye nyuzi 40 za Selsiasi na unyevu wa asilimia 75, miezi sita mfululizo, zikitolewa kwa ratiba ili kuona kama zimeharibika. Mambo yakienda vizuri, jasho lote la miezi sita linazaa sentensi moja: unga haukuharibika. Hakuna jarida litakaloipa sentensi hiyo ukurasa wa mbele. Hakuna mhadhiri atakayepanda cheo kwa ajili yake. Na bila hiyo hakuna mgonjwa atakayemeza kidonge.

Kila ninaposema haya, mtu hunitajia penisilini. Ananiambia: ona, mwanasayansi Alexander Fleming aliona ukungu kwenye kisahani mwaka 1928, na dunia ikapata dawa. Mimi huomba tuisimulie hadithi hiyo yote. Fleming aliuona ukungu ukiua bakteria, akachapisha mwaka uliofuata. Juhudi za kuisafisha ile dutu zikagonga mwamba kwa sababu ilikuwa inaharibika upesi. Ikakaa hivyo miaka kumi. Miaka kumi watu wanakufa kwa vidonda vya kawaida, na ugunduzi upo maktabani, mtu yeyote anaweza kuusoma.

Walioitoa maktabani ni kundi la Howard Florey na Ernst Chain pale Oxford, kuanzia mwaka 1939, wakisaidiwa na ruzuku ya Rockefeller Foundation ya Marekani. Ila mtu ninayetaka umfahamu ni Norman Heatley. Heatley ndiye aliyevumbua njia ya kuihamisha penisilini kutoka kwenye mchuzi wa ukungu hadi kwenye kimumunyisho, kisha kuirudisha kwenye maji kwa kubadilisha kiwango cha asidi tu. Ni jambo rahisi ukishaambiwa. Ndiye aliyehangaika na vyombo vya kukuzia ukungu, hadi akatumia besani za wagonjwa wasioweza kutoka kitandani, na baadaye akachora umbo la vyombo vya udongo vilivyofinyangwa kwa kazi hiyo. Februari 1941 walimdunga askari polisi aliyekuwa anakufa kwa maambukizi. Akaanza kupona. Homa ikashuka, hamu ya chakula ikarudi. Dawa ikaisha. Waliukusanya mkojo wake ili waichuje penisilini iliyotoka nao wamrudishie, na bado haikutosha. Alifariki mwezi uliofuata.

Kisa hicho huwa kinaniuma. Sayansi ilikuwa imekamilika. Askari yule hakufa kwa kukosa ugunduzi, alikufa kwa kukosa lita za mchuzi. Ndiyo maana Florey na Heatley walivuka bahari mwaka huohuo kwenda Peoria, katika jimbo la Illinois, kwenye maabara ya serikali iliyoijua kazi ya kuchachusha vitu kwa wingi. Huko wataalamu walikuta kwamba maji mazito yanayobaki baada ya kuloweka mahindi kiwandani yanaufanya ukungu utoe penisilini nyingi kuliko chochote walichojaribu Oxford. Vita vikiendelea, serikali ya Marekani na viwanda vyake viliingia kwa nguvu zote, na kabla vita havijakwisha dozi zilikuwa zinahesabiwa kwa mamilioni.

Nobeli ya mwaka 1945 walipewa Fleming, Florey na Chain. Heatley hakuwemo. Oxford ilimtunuku shahada ya heshima ya udaktari wa tiba mwaka 1990, yapata nusu karne baadaye. Namheshimu Fleming kwa dhati. Lakini mfumo wetu wa ruzuku hadi leo umejengwa kumtafuta Fleming mwingine, na Heatley akileta andiko anaambiwa halina jambo jipya.

Mfano wa karibu zaidi ni wa malale, ugonjwa unaoenezwa na mbung'o. Kwa miongo mingi, mgonjwa wa malale aliyekwisha kufikiwa ubongoni alitibiwa kwa melarsoproli, dawa yenye aseniki iliyodungwa kwenye mshipa na ikiunguza. Ilikuwa inaua takribani mgonjwa 1 kati ya 20 wa wale iliokusudiwa kuwaponya. Madaktari walijua, wakaidunga, kwa kuwa kumwacha mgonjwa bila dawa ni kumwacha afe. Na kwa miaka mingi ya muda huo kemikali iitwayo feksinidazoli ilikuwa imekaa kwenye majalada. Kampuni ya Hoechst ilikuwa imeifanyia majaribio ya awali, kisha katika miaka ya 1980 ikaachwa. DNDi, shirika lisilo la faida lililoanzishwa mwaka 2003 kutengeneza dawa za magonjwa yaliyotelekezwa, lilipekua mamia ya kemikali za ukoo huo na mwaka 2005 likaifikia hiyo. Likakusanya fedha kwa serikali na wafadhili binafsi, likashirikiana na kampuni ya dawa ya Sanofi, likafanya majaribio Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo na Jamhuri ya Afrika ya Kati. Novemba 2018 mamlaka ya dawa ya Ulaya ikatoa maoni ya kuikubali. Ni vidonge, siku kumi.

Hakuna kitu kilichogunduliwa hapo kwa maana wanayoitaka wapitiaji. Kulikuwa na kutafuta kwenye vumbi, kupima sumu upya, kutafuta dozi, kusafirisha vifaa hadi vijijini. Miaka 13 ya kazi ya namna ya Heatley. Nikimfikiria mgonjwa aliyedungwa aseniki mwaka 1990 wakati kidonge kimelala kabatini, sioni kwa nini tuendelee kuiita kazi hii ya daraja la pili.

Sisemi utafiti wa msingi upunguziwe fedha. Mtu asinielewe vibaya, maana hoja hii wanasiasa huidaka haraka wakitafuta pa kukata. Bila miaka ya udadisi usio na soko hakuna kitakachofika mikononi mwa Heatley. Ninachokililia ni uwiano. NIH ya Marekani, mfadhili mkubwa kuliko wote wa utafiti wa tiba kwa fedha za umma, bajeti yake ya mwaka imezidi dola bilioni 40. Mwishoni mwa 2011 ilianzisha kituo maalumu cha kuvusha ugunduzi uwe tiba, NCATS, na bajeti ya kituo hicho haijafika bilioni moja. Najua taasisi nyingine za NIH nazo zina mafungu yake ya kazi hiyo. Hata ukiyaongeza, ukilinganisha na ukubwa wa pengo, ni kidogo.

Ningepewa nafasi ya kubadilisha jambo moja tu, ningebadilisha watu wanaokaa mezani. Kundi la wapitiaji linalojaa maprofesa wa biolojia litauliza maswali ya biolojia, ndiyo wanayoyajua. Mwekeni mezani mtu aliyewahi kutengeneza kidonge. Mwekeni mtaalamu wa sumu, na mtu aliyefanya kazi mamlaka ya dawa, anayejua jalada hurudishwa kwa kosa gani. Mwekeni na mgonjwa. Nimewahi kukaa kikao kimoja na mama aliyemuuguza mwanawe miaka mingi. Sisi tulikuwa tunabishana kuhusu protini. Yeye akauliza dawa hii mtoto ataimeza mara ngapi kwa siku, na ni chungu? Swali lake ndilo lililotupeleka kwenye kazi ya maana siku ile.

Pili, pesa itolewe kwa hatua, na kila hatua iwe na kigezo cha kusimama kilichoandikwa mapema. Takribani dawa 9 kati ya 10 zinazoingia majaribio ya binadamu hazifiki sokoni. Kwa hali hiyo, kusimamisha mradi mapema kwa ushahidi ni kazi nzuri, na aliyeusimamisha astahili ruzuku nyingine upesi kuliko aliyeburuza mzoga miaka mitano akiogopa kuripoti. Leo mtafiti anayekiri kwamba kemikali yake ina sumu anajifungia mlango. Ndipo watu wanapojifunza kuandika ripoti za "matokeo yanayotia moyo", wakati kila aliyeko maabara anajua kwamba mambo yamekwisha.

Kuna jambo jingine ambalo wenzangu wa maabara hawapendi niliseme, na nitalisema. Fedha ya umma ikivusha dawa, mkataba wa ruzuku utaje bei na upatikanaji tangu siku ya kwanza, wakati mtoaji bado ana sauti. Taasisi ya wagonjwa wa sistiki faibrosisi, ugonjwa wa kurithi unaoziba mapafu kwa makamasi mazito, nchini Marekani ilichangisha fedha kwa wananchi, ikaigharamia kampuni ya Aurora, ambayo kampuni ya dawa ya Vertex iliinunua mwaka 2001. Jeni la ugonjwa huo lilijulikana tangu 1989. Dawa ya kwanza ya kurekebisha kasoro yenyewe, ivakaftori ya Vertex, iliidhinishwa Januari 2012. Ni ushindi mkubwa, na nakiri bila kusita kwamba wagonjwa wenyewe ndio waliouleta. Lakini bei ilitoka takribani dola 300,000 kwa mgonjwa mmoja kwa mwaka. Taasisi iliuza haki zake za mrabaha, yaani fungu lake la mapato ya dawa, mwaka 2014 kwa dola bilioni 3.3 ikazirudisha kwenye utafiti, na sina ugomvi na hilo. Ugomvi wangu ni kwamba familia zilizochangia senti zao zililetewa ankara kama wageni.

Na kuidhinishwa siyo mwisho wa safari. Kampuni ya Achaogen ilipewa fedha na serikali ya Marekani kutengeneza antibiotiki ya kupambana na bakteria sugu. Ikafanikiwa, dawa ikaidhinishwa Juni 2018. Aprili 2019 kampuni ikaomba kinga ya mahakama kwa kufilisika, kwa sababu antibiotiki mpya hospitali huiweka akiba kwa wagonjwa wachache, na dawa ya akiba hailipi mishahara. Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Mfadhili anayelipia kila kitu hadi siku ya idhini kisha akageuza mgongo amemwaga fedha zake. Kwa dawa za namna hii, serikali zilipe ada ya kila mwaka ya kuwa nazo tayari, hata zikitumika kidogo. Uingereza imeanza kulipa hivyo, na nadhani ndiyo njia.

Unga wetu bado upo, kwenye friza, nyuzi 80 chini ya sifuri. Wanafunzi wawili waliouhangaikia wamehamia kazi nyingine, na ujuzi wao wa kuutengeneza umebaki kwenye daftari ambalo nusu ya maandishi naweza kuyasoma mimi peke yangu. Mwezi uliopita tumepeleka andiko jipya kwa mfadhili mwingine. Kwenye kipengele cha "jambo jipya la kisayansi" nimeandika ukweli: hakuna. Chini yake nimeeleza kwamba dawa inaponya, kwamba haiyeyuki, chumvi sita tutakazojaribu, muda tutakaotumia, na kiwango ambacho tusipokifikia tutasimama.